"Huyu mama hataki Waswahili": hivi Mswahili ni nani hasa?

Mwana Mapipa

Wakuu, kwema?

Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Jumamosi, nimeona nilimwage hapa kabla halijaniharibia wiki.

Nilikuwa na dalali Mwananyamala, natafuta chumba na sebule. Tumezunguka tangu saa tatu asubuhi, na jua la Dar la mwezi wa pili mnalijua. Kwenye saa saba hivi tukafika nyumba moja nikaipenda kabla sijaingia: mwarobaini mbele, baraza la saruji nyekundu limepigwa deki mpaka linateleza. Dalali akanivuta shati kabla ya kupiga hodi. "Braza, hapa ongea vizuri. Huyu mama hataki Waswahili."

Nikamwuliza, sasa mimi umenileta nije kufanya nini? Nimezaliwa Magomeni Mapipa, bibi yangu Mzaramo wa Kisarawe, babu mzaa baba katokea Kilwa Kivinje, na jino likiniuma usiku nalia kwa Kiswahili. Akanitazama kama nimempa swali la hesabu. "Aah, wewe si Mswahili bwana. Wewe mstaarabu."

Mwenye nyumba akatoka. Kanga doti nzima, moja kiunoni moja mabegani, ameacha mbuzi ya nazi uwani na machicha bado yamemganda vidoleni. Kama kuna mtu mmoja duniani wa kupigwa picha na kuandikiwa chini "Mswahili", ni yule mama. Naye akaanza: "Mwanangu, mimi sina maneno mengi. Kodi miezi sita, maji mnachangia, umeme kila mtu na luku yake. Ila Waswahili siwataki, wamenichosha."

Sasa swali: huyu Mswahili ambaye Waswahili wote wanamkimbia ni nani? Neno limetoka wapi, na lilianza lini kuwa tusi? Habari ya "sahil" ya Kiarabu, yaani pwani, wingi wake "sawahil", hiyo naijua, shuleni tulifundishwa. Nataka kilichofuata.

Kobe Mtulivu

Mkuu umeanza na mguu mbaya. Halitoki kwenye sahil, linatoka kwenye "swahiba", rafiki. Waarabu walikuta watu wakarimu wakawaita maswahiba. Ndiyo maana mpaka leo Mswahili hana adui, ana rafiki ambaye hajamkopa bado.

Mwana Mapipa

Hahaha, hiyo ya kukopa naipokea. Swahiba hapana. Swahiba kwa Kiarabu ni sahib, na S yake ya kwanza ni swadi, ile nzito, S ya swala na swaumu. Sisi masikio yetu yakiikuta hiyo yanaitilia w. Sahil inaandikwa kwa sini, S nyepesi kama ya salamu. W ya Mswahili imetoka kwingine kabisa: iko katikati ya sa-wa-hil, a ya kwanza ndiyo iliyomezwa. Halafu hata tukiacha herufi za mwanzo, b ya mwisho ilikwenda wapi?

Neno ni la zamani. Ibn Battuta alipita huku mwaka 1331, akalala usiku mmoja Mombasa, akaendelea Kilwa, na katika habari za safari yake anaitaja nchi ya Sawahil. Ila angalieni: ni jina la mahali, tena limesemwa na mtu aliyeko chomboni, anautazama ufuko kwa mbali. Huko Afrika Magharibi ukingo wa kusini wa Sahara unaitwa Sahel, na ni neno hilo hilo. Kwa mwenye msafara wa ngamia jangwa ndiyo bahari, na pale majani yanapoanza kuonekana ndiyo pwani.

Na wakati huo sisi neno letu tunalo, la Kibantu kabisa: pwani, mahali maji yanapokupwa. Tungeweza kuitwa Wapwani tukatulia.

Mie Mpemba

Hao Wapwani ni nyie. Mie Mpemba. Mama yangu Mtumbatu, na bibi yangu angelisikia unamwita Mswahili angelikurushia kata ya maji na kata yenyewe.

Nyie watu wa Bara mnadhani kila mwenye kanzu na Kiswahili kizuri ni Mswahili. Zamani mtu akiulizwa alitaja mji wake au kisiwa chake: Mmvita, Mwamu, Mtumbatu, Mpemba, Mmrima. Akitaka kujikweza hasemi Mswahili hata siku moja, anasema Mshirazi. Chama kilichoundwa Unguja 1957 hakikuitwa Afro-Swahili, kiliitwa Afro-Shirazi. Jiulizeni.

Mvita Mjini

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu Mpemba, hayo ni ya kwenu, usitufunge kamba moja. Hapa kwetu Waswahili ni kabila na kwenye sensa ya Kenya tunahesabiwa kwa jina hilo. Mombasa kuna Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili: matatu ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na tisa ndio kina Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa na wenzao. Mtu akiniita Mswahili kaniita kwa jina langu. Ajabu ni nyie wa Dar, mmechukua jina la watu mkalifanya la wezi wa kuku.

Na wale wa "Mswahili hana asili", someni utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2023. Walipima vinasaba vya watu 80 waliozikwa Kenya na Tanzania, wengi wao kwenye miji ya pwani, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Upande wa kinamama karibu wote Waafrika, upande wa kinababa kuna Uajemi nyingi. Kwa hiyo bibi yake Mpemba hakuwa anaota aliposema Shirazi, na wanaosema sisi ni wageni nao wanyamaze.

Mwana Mapipa

Nashukuru ndugu yangu wa Mvita. Ila mifupa inatuambia nani alimwoa nani, haituambii waliitana nini.

Mchumi wa Kitaa

Mtoa mada, jibu lako liko kwenye ramani ya mji wako, wala usihangaike na Ibn Battuta.

Wajerumani walihamishia makao makuu Dar mwaka 1891. Wao walianza kuugawa mji kwa aina ya nyumba, Waingereza wakaja kukamilisha. Kwenye karatasi hawakuandika rangi ya mtu, waliandika aina ya jengo: hapa majengo ya Kizungu tu, hapa ya biashara na makazi, huku ya wenyeji. Mitaani watu wakasoma karatasi hiyo kwa lugha yao: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mnazi Mmoja unapapita kila siku na hujajiuliza kwa nini katikati ya jiji kuna uwanja mtupu. Uliachwa wazi makusudi, kuitenga Uhindini na Kariakoo.

Sasa tazama neno lilivyofanywa. Uzunguni anakaa Mzungu, Uhindini Mhindi, Uswahilini anakaa nani? Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema, Mngoni, Myao, wote wameingizwa gunia moja limeandikwa "Mswahili". Hakuna aliyewauliza kama wametoka pwani. Kuanzia hapo Mswahili maana yake ni mtu mweusi wa mjini asiye na bomba la maji. Hilo ndilo tusi lako, mengine ni mapambo.

Na sisi baada ya uhuru tukamalizia. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila hapa kwetu. Mvita huko kwao ana kisanduku chake cha kutia alama. Wa kwetu hana, jina limebaki linatangatanga mitaani, kila mwenye hasira analiokota na kumrushia jirani.

Ng'wana Kahama

Mimi nimekulia bara, wacha niwape ya kwetu. Bibi yangu alikuwa akimwona mtu kavaa kanzu na kofia anashuka kwenye basi anasema "Waswahili hao wamekuja". Kwake Mswahili ni Mwislamu, basi, hata awe Msukuma mwenzake wa kijiji cha pili. Nimefanya kazi Kigoma, nimevuka mpaka Bujumbura na Kigali, hali ile ile: ukitaja Waswahili wanakuelekeza Buyenzi au Biryogo, mitaa ya Waislamu. Congo huko Kiswahili chao walikiita Kingwana, lugha ya waungwana, kwa sababu watu wa misafara kutoka pwani walijiita waungwana. Sikuwahi kusikia kwamba walijiita Waswahili.

Nilipokuja Dar na begi langu nikapanga Tandale, mama yangu akanipigia simu: "Umeshakuwa Mswahili?" Nikadhani anauliza kama nimebadili dini. Kumbe anauliza kama nimeshajifunza kudanganya.

Shangazi wa Temeke

Nimewasoma kimya kimya tangu juzi, sasa nanyi nisomeni.

Nimezaliwa kwenye nyumba ya kiswahili, na hapo hakuna anayeona tusi. Fundi yeyote ukimwambia "nijengee nyumba ya kiswahili" hakuulizi mara mbili: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu umenyooka mpaka nyuma, vyumba vitatu huku, vitatu huku, halafu uwani, na huko uwani choo, bafu na jiko. Sisi tulikuwa chumba cha pili kulia. Wapangaji sita, choo kimoja. Zamu ya kufagia iliandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango wa choo, na kila aliyefutiwa jina lake na maji ya kuoga alidai zamu yake haipo. Ugomvi huo nimeukuta na nimeuacha.

Jioni majiko sita ya mkaa yamepangwa uwani, ukichemsha maharage siku ya tatu mfululizo nyumba nzima inajua mwanaume hajapata mshahara. Mnaita hiyo uswahili, kujua mambo ya watu. Sawa. Lakini mama alipolazwa siku kumi na moja, mimi na wadogo zangu wawili hatukulala njaa, na hakuna aliyemwomba mtu chochote. Mama wa chumba cha mbele kushoto, Mnyakyusa, Mkristo, Kiswahili chake cha kuokoteza, aliongeza maji kwenye sufuria akasema njooni. Naye alikuwa Mswahili kuliko nyie nyote mnaobishana hapa.

Tena mkisema neno ni tusi, mbona dawa ya kiswahili mnaitafuta usiku? Mbona saa zenu mnazihesabu kiswahili, jua likishachomoza saa inayofuata ndiyo saa moja? Hapo kiswahili maana yake "ya kwetu". Tusi linaanza pale mtu anapopata kiwanja Mbezi na geti la kufunga.

Mchumi wa Kitaa

Shangazi, shikamoo. Hapo kwenye geti umegonga msumari.

Shangazi wa Temeke

Marahaba mwanangu. Na wewe una geti?

Mchumi wa Kitaa

Nimepanga kwenye geti la watu, shangazi.

Mwana Mapipa

Uzi umenoga kuliko nilivyotarajia. Nami sikukaa bure, na nilichopata kinampinga kidogo Mchumi, kwa hiyo mnivumilie kwa urefu.

Kwanza lile neno la dalali, "mstaarabu". Nalo lina mambo yake. Asili yake ya Kiarabu ni kufanana na Waarabu, kushika mwenendo wao. Tazama tulivyo: neno tunalotumia kumsifu mtu kwamba ana adabu, ndani yake limebeba kwamba amefanana na mtu mwingine. Kabla yake sifa kubwa ya pwani ilikuwa uungwana. Muungwana ni mtu huru, mwenyeji wa mji, mwenye nyumba ya mawe na nasaba inayohesabika, na kinyume chake alikuwa mshenzi, mtu wa bara, na mtumwa. Usultani wa Busaidi, ukoo wa Waarabu wa Oman, ulipojikita Unguja karne ya 19, kipimo kikasogea, ustaarabu ukapanda juu ya uungwana. Katika hesabu hiyo Mswahili alikaa wapi? Katikati, pabaya. Hakuwa Mwarabu, na mwenye mji wake hakulihitaji jina hilo. Lililowafaa zaidi ni watu wa jana na juzi: aliyekuja na msafara, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, aliyeingia Uislamu na lugha lakini hana babu wa kumtaja barazani. Ndiyo maana bibi yake Mpemba angerusha kata.

La pili ndilo lililoniamsha kitandani. Kuna Edward Steere, mmisionari wa Unguja ambaye baadaye alikuwa askofu. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Kwenye maelezo ya mwanzo anasema kama tulivyofundishwa, kwamba jina limetokana na sawahil. Kisha anaongeza kwamba wenyewe kwa mzaha huligawa jina hivi: sawa hila.

Sawa. Hila.

Someni mwaka tena. 1870. Sultani Majid, aliyeanza kuijenga Dar, alifariki mwaka huo huo, na mji ukaachwa majumba nusu nusu pembeni ya kijiji cha Mzizima. Hakuna Mjerumani, hakuna Uhindini, Mnazi Mmoja labda kweli kuna mnazi mmoja. Na tayari kuna watu wamekaa barazani Unguja wanacheka kwamba Mswahili na hila ni sawasawa. Hakuwa mkoloni aliyewaambia. Ni wao, kwa lugha yao, na utani wenyewe umetengenezwa kwa ustadi ambao mimi naita wa kiswahili: umechukua jina ulilopewa na mtu wa chomboni, ukalikata mahali ambapo yeye hawezi kuona, likatoka neno jipya.

Kwa hiyo yule mama wa Mwananyamala hakubuni kitu. Anarudia mzaha uliokuwapo kabla mtaa wake haujawa mtaa.

Mchumi wa Kitaa

Nakupa heshima yako kwa Steere, sikuwa nayo hiyo. Lakini usiniuzie mzaha kwa bei ya ramani. Mtu akikutania barazani "sawa hila" unacheka, unamrudishia, mnakunywa kahawa. Ramani haikutanii. Bomba la maji lilifuata ramani, lami ilifuata ramani, mpaka leo Tandale ikinyesha nusu saa watu wanabeba magodoro kichwani. Mzaha ulikuwepo, nakubali, ila waliokuja waliukuta wakauwekea anwani. Uswahilini ni anwani.

Mwana Mapipa

Hapo nakubali. "Wakauwekea anwani" naichukua, nitaitumia kijiweni bila kukutaja.

Mie Mpemba

Sawa hila, hiyo kaifanya Muunguja. Mpemba hasemi vitu hivo hadharani.

Mvita Mjini

Kwa hiyo Mpemba umekiri kwamba unavisema faraghani.

Ng'wana Kahama

Swali dogo kwa wataalamu. Methali redioni wanasema "Waswahili husema" au "wahenga walisema". Mbona hapo hakuna anayekataa Uswahili? Hata mchungaji wangu madhabahuni: "Waswahili wanasema, haraka haraka haina baraka." Hajawahi kusema "Wanyamwezi wanasema".

Shangazi wa Temeke

Kwa sababu hapo Mswahili hadaiwi kodi.

Kobe Mtulivu

Shangazi uwe unaandika kila siku tafadhali.

Mtoa mada, umetuzungusha Kilwa, Mombasa, Unguja, Kahama. Chumba ulipata au mama alikugundua?

Mwana Mapipa

Nilipata. Nimehamia juzi, chumba na sebule upande wa uani, dirisha linatazama mwarobaini.

Usiku wa kwanza sikuwa hata na kijiko. Nimekaa juu ya ndoo naunganisha kitanda, nasikia hodi. Mama mwenye nyumba, ameshika sahani imefunikwa na kawa: wali wa nazi, maharage, kipande cha changu wa kukaanga. Nikaanza kujikanyaga, asante mama, usingejisumbua, ningekwenda tu kwa mama ntilie hapo nje. Akanikatiza: "Kula mwanangu. Sisi Waswahili mtu hali nje siku ya kwanza."

Sisi. Mama huyu huyu. Nilitaka kumwuliza, kinywa kikafunguka kabisa, halafu nikaona changu anapoa.

Nimehesabu tangu siku hiyo. Kwa siku mbili amesema "sisi Waswahili" mara nne: ya chakula, ya kumpa pole jirani aliyefiwa, ya kutofagia usiku, na ya kunikataza kupiga mluzi ndani. Amesema "Waswahili hao" mara tatu, zote kuhusu mpangaji aliyehama bila kulipa maji. Hajawahi kuchanganya.

Mie Mpemba

Changu wa kukaanga na maharage? Huyo kweli Mswahili wa Bara.

Kobe Mtulivu

Na dalali je? Kalamba kodi yake ya mwezi mmoja?

Mwana Mapipa

Kalamba yote, na nauli ya bodaboda juu. Jana kapita tena na kijana mwingine, mama anataka kupangisha chumba cha mbele. Kabla ya kupiga hodi kanivuta pembeni akaninong'oneza nimsaidie kumsemea kwa mama. "Kijana mzuri," akasema, "ila Mswahili kidogo."